Hatua Fupi za Kupanda Rurambo

Jolie alikuwa fundi wa kushona nguo huko Luvungi, mashariki mwa Kongo. Alifanya kazi katika chumba kimoja kando ya barabara kubwa ya Uvira na Bukavu. Kila asubuhi alifungua mlango, akafuta vumbi kwenye mashine, akaketi. Malori yalipita. Wenye pikipiki waliita abiria. Yeye alishona. Mchana alikula palepale kwenye kiti. Jioni alipoinuka, miguu ilikuwa imevimba na viatu vilimbana.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mume wake, Chadrack, alifundisha shule ya msingi. Walikuwa na watoto wanne, wa kwanza akiitwa Lionel. Nyumbani kwao walipenda makayabo, yaani samaki wa chumvi, na sombe, yaani majani ya mihogo, yenye mawese na chumvi ya kutosha. Mara nyingi kichwa kilimuuma Jolie upande wa kisogo. Alimeza kidonge cha maumivu, akaendelea na kazi.

"Ni macho tu," alisema. "Nimeshona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi."

Rafiki yake mkubwa aliitwa Arakaza. Walikaa benchi moja tangu mwaka wa kwanza wa sekondari. Arakaza alilima mihogo Mutarule. Tena kila Alhamisi alibeba sabuni na chumvi, akapanda mlima kwenda kuziuza Rurambo. Alirudi na maharagi na jibini. Alikuwa mwembamba, na hakujua kutembea polepole.

Jumapili moja mwezi wa tatu, baada ya misa, walisikia tangazo. Mwezi wa nane kutakuwa na mbio za kutoka Luvungi hadi Rurambo. Watu wa bondeni na watu wa mlimani watakimbia pamoja. Njia ni kilomita kumi na sita: tano za bondeni na kumi na moja za kupanda. Kila mtu atakimbia na mwenzake. Wawili wafike pamoja. Mmoja akibaki nyuma, wote wawili hawahesabiwi. Tena ni lazima wafike kabla ya saa nne na nusu asubuhi.

Walipotoka kanisani, Arakaza alisema, "Mwaka jana nilikimbia na wifi yangu Apollinarie. Sasa amehamia Uvira. Niko peke yangu."

"Minye nitakimbia na weye," Jolie akasema.

Arakaza alisimama, akamtazama. "Weye? Toka lini haujapanda hata kilima?"

"Unakumbuka ku shule? Wakati wa mashindano, nani alikuwa mbele?"

"Ilikuwa weye," Arakaza alikubali. "Minye nilikuwa naona mugongo yako tu."

"Basi. Miguu ni ile ile."

Wakacheka. Siku iyo hiyo wakaandikisha majina yao.

*

Walianza Jumatatu. Jolie alitaka kwanza kumaliza kazi za nyumbani na kukata nguo za wateja, kwa hiyo waliondoka saa nne asubuhi. Jua la bonde la Ruzizi lilikuwa limeshakuwa kali. Jolie hakuwa amekula kitu. Aliogopa kukimbia na tumbo lililojaa. Maji pia hawakubeba.

"Maji inafanya tumbo nzito," Arakaza alisema. "Twende."

Arakaza alikwenda mbio kama alivyozoea. Jolie alimfuata. Baada ya dakika tano alikuwa anahema kwa mdomo. Baada ya kumi hakuweza tena kusema neno. Lakini hakutaka kusimama. Alikumbuka alivyokuwa msichana, akaona aibu.

Jumanne walikimbia tena. Mapaja ya Jolie yaliuma hata akashindwa kukanyaga mashine vizuri.

"Maumivu ni mazuri," Arakaza alimwambia. "Ni mwili unajifunza. Ukipumzika, utapoteza kila kitu."

Jumatano wakakimbia tena. Alhamisi Arakaza alikwenda sokoni Rurambo, lakini Ijumaa alirudi kugonga mlango. Siku hiyo walifika mahali ambapo njia inaanza kupanda. Kichwa cha Jolie kilikuwa kinapiga tangu alfajiri. Hakusema. Alipanda hatua ishirini, labda thelathini. Ghafla akaona nyasi zinakuwa nyeupe. Masikio yakalia. Akaanguka kando ya njia.

Arakaza alisikia kishindo, akageuka. Alikimbia kurudi chini, akapiga magoti.

"Jolie. Jolie, uniambie kitu."

Jolie alifungua macho, lakini maneno yake hayakueleweka vizuri. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Arakaza alimvuta hadi kivuli cha kichaka. Kisha alikwenda barabarani kutafuta msaada. Mwenye pikipiki mmoja, Protais, alikuwa anarudi bila abiria. Walimweka Jolie katikati, Arakaza akamshika kwa nyuma, wakaenda polepole hadi kituo cha afya.

*

Muuguzi wa zamu aliitwa Anne-Marie. Hakuuliza mengi. Alimlaza Jolie mahali penye hewa, akamfungua kitambaa cha kichwani, akalegeza nguo kiunoni. Aliweka vitambaa vilivyolowa kwenye shingo na kwapani. Alimpepea. Jolie alipoanza kusema vizuri, alimpa maji safi, kidogo kidogo.

"Jina lako nani?"

"Jolie."

"Tuko wapi?"

"Ku kituo cha afya. Minye naona haya sana."

"Haya haiuwi mutu," Anne-Marie alisema. "Jua inaweza kuua. Ungechelewa kidogo tungekuwa na kesi ingine."

Alimwacha apumzike. Baada ya saa nzima alimketisha, akamwambia asiseme kitu kwa dakika tano. Kisha akamfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia tansio, yaani shinikizo la damu, akakijaza hewa. Alisoma namba. Alingoja kidogo, akapima mara ya pili.

"Kumi na nane kwa kumi na moja," alisema, yaani mia na themanini kwa mia na kumi. "Mama, toka lini haujapimwa tansio?"

"Toka nilipozaa mutoto wa mwisho. Ana miaka tisa."

"Na kichwa? Inakuumaka?"

"Hapa nyuma. Nilifikiri ni macho."

Anne-Marie alivuta kiti. Arakaza alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Muuguzi alimwita naye aingie.

"Musikilize wote wawili. Damu inapita ndani ya mishipa kama maji ndani ya mpira wa kumwagilia. Ikisukuma kwa nguvu kupita kipimo, mishipa inachoka. Moyo unachoka. Siku moja mushipa unaweza kupasuka ndani ya kichwa, na mutu anapooza upande mumoja, ao anakufa. Kipimo kizuri hakipite kumi na nne kwa tisa. Wengi wako na tansio ya juu na hawajui. Hawasikie kitu. Ni kupimwa tu ndiko kunaonyesha."

"Lakini leo nilikimbia," Jolie alisema. "Si ni mbio ndiyo imepandisha?"

"Inawezekana mbio na jua vimeongeza. Ndiyo sababu sitakuita mugonjwa kwa kipimo cha leo. Urudi kesho na kesho kutwa, asubuhi, ukiwa umepumzika."

Jolie alirudi. Siku ya kwanza ilikuwa kumi na saba kwa kumi na moja. Siku iliyofuata ilikuwa kumi na saba kwa kumi. Daktari wa hospitali aliyepita kituoni wiki hiyo alimpima naye, akasikiliza moyo, akamwandikia dawa. Kidonge kimoja kila asubuhi, bila kuruka siku.

*

Chadrack alisikiliza habari yote bila kumkatiza mke wake. Halafu akasema, "Mama Lionel, mbio zimeisha. Watoto hawa wanakuhitaji uko hai."

"Nimesikia," Jolie akajibu.

Jioni hiyo Arakaza alikuja. Hakuingia moja kwa moja kama siku zote. Alikaa kwenye ngazi ya mlango. Jolie alimfuata nje.

"Utafute mutu mwingine," Jolie alimwambia. "Yule Ninahazwe anayeuza maziwa ana miaka makumi mbili na mbili. Anapanda kama mbuzi. Hana mwenzake, nilimusikia ku kanisa."

"Ameisha niuliza."

"Na ulimujibu nini?"

"Nilimuambia nitafikiri."

Jolie alikunja kitambaa kilichokuwa mkononi mwake. "Usifikiri sana. Nenda naye."

Arakaza aliinuka kwenye ngazi. Aliaga, akaenda. Lakini hakulala vizuri. Aliona tena macho ya rafiki yake kule njiani, yamefunguka bila kumtambua. Ni yeye aliyekataa maji. Ni yeye aliyesema maumivu ni mazuri. Asubuhi hakwenda kwa Ninahazwe. Alikwenda kwa Anne-Marie.

"Nilitaka kumuua rafiki yangu," alisema.

"Haukutaka. Haukujua tu," muuguzi alijibu. "Sasa unataka kujua nini?"

"Mutu wa tansio anaweza kukimbia?"

"Kama dawa imeshusha tansio na daktari amekubali, anaweza. Tena inamufaa. Kukaa ku kiti kutwa nzima ndiyo inamudhuru. Lakini aanze kwa kutembea. Kutoka sasa mupaka mwezi wa nane iko miezi tano. Inatosha, kama hamuna haraka."

"Minye niko na haraka kila siku," Arakaza akakiri.

"Basi weye ndiye utakuwa na kazi nguvu kuliko yeye."

Arakaza alimpata Ninahazwe sokoni, akamwambia atafute mwenzake mwingine. Kisha akaenda kwa Chadrack shuleni, saa ya mapumziko. Alimweleza maneno ya muuguzi, moja baada ya lingine. Chadrack alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akisoma somo.

"Nani atanihakikishia kwamba hautamukimbiza tena?"

"Uje pamoja nami kwa Mama Anne-Marie."

Walikwenda wote watatu: wao wawili na Jolie. Muuguzi alitoa masharti. Dawa kila siku. Kupimwa kila wiki mbili. Wiki tatu za kwanza ni kutembea tu, alfajiri, kabla jua halijawa kali. Maji yabebwe. Na Jolie akisikia kifua kinauma, kizunguzungu, kichwa kinauma sana, au pumzi inakosekana, asimame palepale. Asione haya.

Chadrack alifikiri. "Kutembea, sawa," alisema mwishowe. "Kukimbia, tutaona kwa vipimo."

*

Daktari alipokubali, tansio ilikuwa imeshuka hadi kumi na tano. Walianza kutembea saa kumi na moja na nusu, mara nne kwa wiki. Jolie alikula ndizi moja mbivu kabla ya kutoka. Kila mmoja alibeba chupa ya maji yaliyochemshwa. Walipita kando ya mashamba ya mpunga, umande ukilowesha pindo za nguo. Watu waliokwenda shambani na majembe waliwauliza walikuwa wanakimbia nini.

"Tansio," Jolie aliwajibu.

Arakaza aliteseka. Miguu yake ilitaka kwenda. Mara kwa mara alijikuta yuko mbele hatua hamsini. Alirudi nyuma, akaguna.

Wiki ya nne, tansio iliposhuka zaidi na Chadrack akakubali, walianza kukimbia. Dakika moja kukimbia, dakika mbili kutembea. Walirudia mara nane. Anne-Marie aliwapa kipimo kisichohitaji saa wala mashine. "Mukimbie mukisema. Kama unaweza kusema maneno kumi bila kukata pumzi, mwendo ni muzuri. Kama unasema neno moja moja, punguza."

Kwa hiyo walisema. Walizungumza juu ya watoto, juu ya bei ya mihogo, juu ya harusi ya katekista iliyoahirishwa mara tatu. Jolie alipoanza kujibu "ndiyo" na "hapana" peke yake, Arakaza alijua, akapunguza mwendo.

Walikimbia Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Katikati walipumzika. Hilo nalo lilimshangaza Arakaza.

"Siku ya kupumzika ndiyo mwili unajijenga," muuguzi alimweleza. "Ukipiga matofali, unayaacha yakauke. Ukiyapanga yakiwa mabichi, ukuta unaanguka."

Nyumbani pia mambo yalibadilika, na si kila mtu alifurahi. Jolie alipunguza chumvi. Aliacha vile vidonge vya kutia ladha ndani ya mchuzi. Makayabo yalipikwa mara moja kwa mwezi, baada ya kulowekwa usiku kucha na kumwagwa maji mara mbili. Lengalenga, mboga kama mchicha, na maharagi vilipikwa kwa kitunguu, nyanya, ndimu na pilipili.

Chadrack alionja, akaweka kijiko chini. "Sombe hii imesahau kitu."

"Imesahau chumvi," Jolie alisema. "Utazoea."

Kwa wiki mbili Chadrack aliinuka kimya kimya kwenda kuchukua kikopo cha chumvi. Wiki ya tatu hakuinuka.

Mwezi wa tano walianza vilima. Hapa Arakaza ndiye alikuwa mwalimu. Miaka kumi na miwili ya kupanda na mzigo kichwani ilikuwa imemfundisha mambo ambayo hakuwahi kuyasema kwa maneno.

"Usitazame juu kabisa," alisema. "Utakata tamaa. Tazama hatua sita mbele yako. Fupisha hatua. Fupisha tena. Kama umebeba yai."

Jolie alifupisha. Aliona kwamba pumzi ilibaki.

"Panapokuwa pakali sana, usikimbie. Tembea haraka. Mutu anayetembea vizuri anamupita mwenye kukimbia vibaya. Na wakati wa kushuka, usijiachilie. Kunja magoti kidogo, hatua fupi vilevile. Minye niliumia goti mwaka wa kwanza kwa sababu ya kushuka mbio."

Kila wiki waliongeza njia kidogo tu. Kila wiki ya nne walipunguza, mwili upumue. Halafu wakaongeza tena.

Mwezi wa sita Jolie alijisikia mzima kuliko miaka yote. Kichwa hakikuuma. Miguu haikuvimba. Alisimama kila saa moja kwenye kazi yake, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Viuno vya nguo zake alivishona upya kwa sababu vilikuwa vimelegea. Basi akawaza kwamba sasa amepona. Aliacha kumeza dawa. Hakumwambia mtu.

Siku ya kupimwa ilipofika, Anne-Marie alisoma namba mara mbili. "Kumi na sita na nusu kwa kumi. Wiki mbili zilizopita ilikuwa kumi na tatu na nusu. Kumetokea nini?"

Jolie aliangalia chini. "Niliacha vidonge. Nilisikia niko muzuri."

"Ulisikia uko muzuri kwa sababu ya vidonge, na miguu, na chumvi uliyopunguza. Vyote vitatu. Ukiondoa kimoja, unaona." Muuguzi hakupaza sauti. "Dawa ya tansio si ya malaria, eti unamaliza na inaisha. Usiiache mupaka daktari mwenyewe aseme. Kwa wiki hii hakuna mbio. Kutembea tu."

Njiani kurudi, Jolie alingoja Arakaza amlaumu.

"Umekasirika?" Jolie akauliza.

"Nimeogopa," Arakaza alisema. "Kukasirika ingekuwa afadhali."

Tangu siku hiyo Jolie alimeza kidonge chake mbele ya Chadrack, kila asubuhi, pamoja na chai.

*

Siku ya mbio ilikuwa Jumamosi ya katikati ya mwezi wa nane. Vumbi la kiangazi lilifunika barabara. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi watu sabini na sita, wawili wawili, walisimama kwenye mstari. Wiki nzima kabla ya hapo Jolie na Arakaza walikuwa wamekimbia kidogo sana, ili miguu ipumzike. Tansio ya Jolie ilikuwa kumi na tatu kwa nane na nusu. Daktari aliandika karatasi ya kukubali, naye Chadrack aliisoma mara mbili kabla ya kuirudisha.

Filimbi ililia. Vijana walitoka kama maji yaliyofunguliwa. Ninahazwe alipita na mwenzake, dada mmoja wa Rurambo. Baada ya dakika chache Jolie na Arakaza walikuwa nyuma ya karibu kila mtu.

Arakaza alianza kuongeza mwendo.

"Niambie habari ya katekista," Jolie alisema.

"Hapa?"

"Hapa. Maneno kumi."

Arakaza akavuta pumzi, akapunguza. "Katekista ameoa. Wiki iliyopita. Bibi arusi alimungoja masaa tatu ku mulango ya kanisa."

Waliendelea hivyo kilomita tano zote za bonde. Walikunywa maji kidogo kidogo, hata kabla ya kusikia kiu. Njia ilipoanza kupanda, walianza kukuta watu. Wengine walikuwa wamesimama, mikono magotini. Wengine walikaa chini kabisa. Jolie na Arakaza waliwapita kwa hatua fupi, wakiwasalimu. Katika kilomita ya nane walikuwa wamepita jozi kumi na moja.

Kwenye kona moja yenye mwinuko mkali walimkuta mwanaume ameketi katikati ya njia. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, anaitwa Félicien. Mwenzake, André, alimpigapiga mashavuni na kumwambia ainuke.

"Ainuke aende wapi?" Jolie alisema. "Angalia midomo yake. Tumutoe ku jua."

Walimbeba hadi kwenye kivuli cha mwamba. Jolie alimfungua shati, akalowesha kitambaa chake kwa maji ya kunywa, akakiweka shingoni mwa mgonjwa. Arakaza alimpepea kwa kofia. André alipiga simu kwa watu wa mbio.

"Jina lako nani, baba?" Jolie aliuliza.

Félicien alisema jina lake. Alisema pia kwamba alikuwa hajala tangu jana, ili awe mwepesi. Jolie alimpa maji kwa funda ndogo. Walikaa naye hadi pikipiki ya msaada ilipofika na kumchukua. Dakika kumi na saba zilikuwa zimepita. Wale wote ambao Jolie na Arakaza walikuwa wamewapita walikuwa mbele tena.

Arakaza aliangalia saa ya simu yake. Zilibaki kilomita sita, na saa moja na dakika ishirini.

"Tunaweza?" Jolie akauliza.

"Tukikimbia kwa nguvu yote, hapana. Utaanguka. Tukienda vile tumejifunza, ndiyo. Lakini bila kusimama."

Hawakusimama. Palipokuwa pakali walitembea haraka. Palipolainika walikimbia. Hewa ilibadilika, ikawa baridi, na ukungu mwembamba ulipita juu ya malisho. Ng'ombe wenye pembe ndefu waliinua vichwa kuwatazama. Miguu ya Jolie ilikuwa mizito, lakini kichwa chake kilikuwa chepesi na kifua hakikuuma. Alijipima mwenyewe kama alivyofundishwa. Alisema sentensi nzima. Iliisha vizuri.

Mwishoni mwa njia watu wa Rurambo walikuwa wamepanga mistari miwili, wakipiga makofi. Arakaza alikuwa mbele nusu hatua. Alirudi nyuma, wakawa sawa. Walivuka mstari pamoja saa nne na dakika ishirini na nne. Walikuwa wa thelathini na mmoja kati ya thelathini na nane. Zilikuwa zimebaki dakika sita.

Jolie hakuanguka wala hakuketi. Alitembea polepole huku na huku mpaka moyo ukatulia, kama muuguzi alivyomwambia. Arakaza alitembea kando yake. Mama mmoja wa mlimani aliwaletea maziwa kwenye kikombe, nao wakanywa kwa zamu.

"Ku shule ulikuwa unaenda mbio kuliko leo," Arakaza alisema.

"Lakini sikuwa nafika na mutu," Jolie akajibu.

*

Jumanne iliyofuata Jolie alikwenda kituo cha afya. Mapaja bado yaliuma kidogo, hasa kwenye ngazi. Hakwenda peke yake. Benchi ya nje ilikuwa imejaa. Arakaza alikuwepo, na wateja wawili waliokuja kuchukua nguo zao, na Protais mwenye pikipiki, ambaye alisema naye hukaa kutwa nzima na kichwa humuuma. Félicien pia alikuwepo. Wote walikuwa wamekuja kwa sababu Jolie aliwauliza swali moja: mara ya mwisho ulipimwa lini? Hakuna aliyekumbuka.

Anne-Marie alimpima Jolie kwanza.

"Kumi na tatu kwa nane," alisema. "Dawa?"

"Nimemeza leo asubuhi."

"Chumvi?"

"Kidogo."

"Na kutembea?"

"Kesho tunaanza tena. Polepole."

Muuguzi aliandika kwenye karatasi yake. Wengine wakaingia mmoja mmoja. Protais alitoka akiwa ameambiwa arudi kesho na kesho kutwa. Alikuwa na kumi na sita. Arakaza alikuwa na kumi na mbili, akatoka, akakaa karibu na Protais na kuanza kumweleza namna ya kutembea alfajiri.

"Anayefuata," Anne-Marie aliita.

Nje ya mlango, mwisho wa benchi, Chadrack alifunga kitabu alichokuwa anasoma. Alisimama, akaanza kukunja mkono wa shati.